Mume Wangu Anataka Kunitoroka, na Anataka Twende Wote

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mwanzo wa habari hii unachekesha na hata mimi nilianza kwa kucheka.

Mimi ni mke wa seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata watoto wetu wakiwa na utani humwita hivyohivyo, na tangu anioe sijawahi kumwona ameketi mikono mitupu, kwa hiyo alipostaafu kule kiwandani alikokuwa akitengeneza milango na madirisha nilijua tu atatafuta kitu cha kumshughulisha, na kweli hazikupita siku nyingi akaniambia anataka kujenga tela. Si tela la mizigo, Mshauri. Ni tela la kulala, dogo, la kukokotwa na gari letu hilihili, ndani linaingia godoro la watu wawili basi, mbele limeviringika na nyuma limechongoka kama tone la maji linaloteremka kwenye kioo, na huko nyuma kuna kifuniko ambacho ukikiinua unakuta jiko na rafu za vikombe. Aliona picha yake mahali ikamkaa moyoni. Akasema tutalifunga nyuma ya gari twende tukalale popote tutakapopapenda, mimi na yeye, uzeeni ndiyo tuanze kutembea. Majirani wakaliita Konokono. Mimi nikaliita mke mwenzangu, na chai ikiwa tayari nilikuwa nasimama mlangoni namwambia, "Muage mke mwenzangu uje unywe, ikipoa shauri yako."

Chuma cha chini alichomelewa na rafiki yake mwenye gereji, magurudumu yakatoka kwenye gari bovu, na mbao zote akakata mwenyewe hapo uani, na mimi nikawa msaidizi wake, namshikia futi, namletea misumari ya parafujo, namwagia maji plaiwudi iloweke ilainike ili akiivuta juu ya mbavu za tela ijipinde bila kupasuka. Ni katika miezi hiyo ndipo kusahau kulipoanza. Mwanzo nilidhani ni uzee wa kawaida, miwani ndani ya kopo la sukari, kijana wetu kuitwa kwa jina la marehemu baba mdogo wake, lakini siku moja alitoka kwenda dukani, duka analolijua kuliko mimi, akarudishwa na mwendesha pikipiki ambaye alimkuta amesimama njia panda anawauliza watu kiwanda kiko wapi. Ndani ya nyumba alikuwa anatafuta mlango wa choo. Lakini ukimpa msumeno uani alikuwa anakata ubao kama anafuata uzi, na mikono yake haikusahau hata kipimo kimoja, na mimi nikajiambia, basi, mwache ajenge, akijenga ni mzima.

Sasa siku tuliyokuwa tunapigilia mbao za dari kwa ndani, tulilala chali sote wawili mle ndani, mimi nimeinua mikono nashikilia ubao, yeye anakaza parafujo. Madirisha yalikuwa bado hayajakatwa, mwanga ulikuwa unaingia kwenye kile kimlango cha ubavuni tu, unamwona mtu kivuli. Akaniambia, "Dada, shika hapo." Sikushangaa, watu husema dada. Kisha akasema, "Unakumbuka tulivyokuwa tunalala hivi, wewe upande wa mlango na mimi ukutani?"

Mume wangu alikuwa na dada, Mshauri. Mama mkwe alinisimulia nilipokuwa bibi harusi mpya, kwamba alikuwa na dada yake mmoja mkubwa kuliko yeye kidogo, wakilala kitanda kimoja, na yule binti alichukuliwa na homa, na kwa sababu Fundi alikuwa mdogo walimwambia dada amesafiri. Akawa anakaa kizingitini na viatu vya dada yake mapajani, anasubiri. Hakuna aliyemwambia ukweli, alikua tu akaujua mwenyewe, na katika ndoa yetu yote hakuwahi kumtaja.

Nikajibu, "Nakumbuka."

Hilo ndilo kosa langu, na sijui kama ni kosa. Nilijibu kwa sababu alicheka, na ni kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, chepesi, cha mtoto. Tangu siku hiyo ikawa nikiinama nikaingia ndani ya tela mimi ni dada, nikikanyaga chini nje mimi ni mkewe, na mimi nikajizoeza, nikawa napunguza sauti yangu iwe nyembamba, nikawa namwita mdogo wangu, na yeye akawa ananieleza mambo ambayo mimi mkewe sikuwahi kuambiwa, jinsi alivyokuwa anaogopa giza, jinsi baba yake alivyokuwa anampiga, na nikitoka mle nakwenda jikoni nalia, kisha kesho narudi tena mwenyewe, hata kabla hajaniita.

Mpaka aliponiambia habari za yule mama.

Alikuwa anapiga msasa pembe ya rafu. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kuna mama mmoja mle ndani ya nyumba."

"Mama gani?"

"Sijui ametoka wapi. Mtu mzima. Kila ninapokwenda yuko nyuma yangu. Anavaa nguo za mke wangu."

Nikamuuliza, "Na mke wako yuko wapi?"

Akasema, "Amesafiri."

Akaendelea kupiga msasa. Kisha akaniambia tusiwe na haraka, tela likikamilika tutaondoka mimi na yeye asubuhi na mapema, yule mama akiwa jikoni, asijue.

Jioni ile nilimwandalia chakula akala vizuri, akaniambia, "Ahsante, mama," kwa adabu, akaniangalia kama mgeni anavyomwangalia mwenyeji wakati ameshafunga mizigo yake kimyakimya. Nimeishi na mwanamume huyu tangu nikiwa sina mvi hata moja, na siku hiyo ndani ya nyumba yangu niliona haya kuvaa khanga yangu mwenyewe.

Baada ya hapo akawa anabeba vitu kidogokidogo kwenda uani. Sabuni. Blanketi. Gauni langu la zamani, la enzi za uchumba, ambalo halinipiti hata mabegani, nikalikuta limekunjwa kwenye rafu ya tela kwa ajili ya dada. Dirisha la upande wa nyumba, ambalo alikuwa ameshalichora ili alikate, akalifuta kwa msasa. Halafu akafunga komeo kubwa la chuma mlangoni, kwa nje. Nikamuuliza nikiwa nimesimama uani, "La nini hilo?" Akasema la wezi. Kesho yake nikiwa ndani nikamuuliza tena kwa ile sauti nyingine, akasema, "Ili yule mama asikutoe."

Ungekuwa wewe ungekimbia. Mimi Jumapili mchana niliingia kutandika godoro.

Nilikuwa nimepiga magoti nanyoosha shuka, nikasikia, "Lala, dada. Ukiamka tumefika," na mlango ukafungwa, na komeo likasukumwa. Nikacheka kwanza. Nikangoja. Nikasikia nyayo zake zinaondoka. Mshauri, kazi ya Fundi haivuji, hakuna ufa hata wa kupitisha sindano, mchana wa jua kali lakini mle ndani sikuona kiganja changu, joto limenibana, harufu ya gundi na vanishi imenikaba, na dari iko karibu hivi, ukikaa wima inakugusa utosi.

Ndipo nikamsikia ndani ya nyumba ananiita. Yeye hajawahi kuniita kwa jina wala kwa jina la mtoto, ananiita Mwenzangu, tangu siku za uchumba, na hakuna binadamu mwingine anayeniita hivyo. "Mwenzangu. Mwenzangu." Chumba hadi chumba. Nikamsikia anafungua kabati. Akatoka uani, akamuuliza jirani yetu mshonaji aliyekuwa upande wa pili wa ua, "Umemwona mke wangu? Chai yake inapoa."

Jirani akamwambia, "Si ulikuwa naye hapo sasa hivi?"

Akasema, "Yule siye."

Alikuwa analia. Nikagonga ubao kwa ngumi zote mbili, nikapiga kelele kwa sauti yangu mwenyewe, "Niko hapa mume wangu, nifungulie." Nyayo zikaja mpaka mlangoni zikasimama. Kisha nikasikia mdomo wake umekaribia mbao kabisa, ananong'ona.

"Dada, usiogope. Yule mama ameingia humo ulimo. Ameiba sauti ya mke wangu. Usimjibu."

Mimi ni mtu mzima mwenye akili zangu, Mshauri, najua mle ndani nilikuwa peke yangu. Lakini niligeuka. Nilinyoosha mkono gizani nikapapasa godoro mpaka kwenye pembe, kuhakikisha.

Nikaipunguza sauti yangu ikawa nyembamba, nikasema, "Mdogo wangu, ameshatoka. Nifungulie." Komeo likavutwa papo hapo. Mwanga ukanipiga, akanitazama muda mrefu, uso wake ukawa kama mtu anayeamka, akasema, "Mwenzangu. Ulikuwa wapi, nimekutafuta nyumba nzima," akanishika mkono mpaka jikoni hakuniachia. Tulikunywa chai. Nilipokuwa naosha vikombe akaja nyuma yangu, akaniuliza taratibu, "Na dada tumemwacha mle peke yake?"

Tela limebaki taa za nyuma na rangi tu, madirisha hataki tena kuyakata. Watoto sijawaambia, kijana yuko mbali na kazi zake, na binti yetu najua atasema baba ahamie kwake na mimi nitabaki na kuta. Jirani yangu anasema nilichome moto. Lakini nikilichoma nitakuwa nimechoma mahali pekee ambapo mume wangu bado anacheka. Na jambo la mwisho ambalo nimelificha mpaka hapa ni kwamba naogopa, lakini pia natamani kwenda. Jana asubuhi Fundi akiwa bado amelala nilipita karibu na tela na ndoo yangu ya nguo, nikajisikia nimesimama nasema "Hodi," kisha nikawa nasubiri.

Je, ninamkosea kwa kumwitikia? Nilivunje? Akisema twende, niende? Namba yangu nimeiandika huko chini, simu hukaa sebuleni, piga asubuhi anapokuwa uani.

Ni mimi,
Mke wa Fundi, siku ninazokuwa yeye

*

Mke wa Fundi,

Wengine huwa nawajibu gazetini tu. Wewe nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia, na kwa ruhusa yako nayaeleza hapa yaliyotokea, maana wako wasomaji wenye makomeo ya aina hiyo majumbani mwao.

Nilipopiga alipokea yeye. Sauti nzuri, ya mtu mpole. Nikaomba kuongea na mama mwenye nyumba. Akasema, "Yule mama ametoka. Nikupe dada?" Kabla sijajibu nikasikia simu inapokezwa, na sauti ya kike, nyembamba, ya binti hasa, ikasema, "Haloo." Mimi kazi yangu ni kuongea na watu wenye mikasa, na nimesikia mengi, lakini nilikata. Nikakaa naiangalia simu. Kisha nikaona haya, nikapiga tena, ukapokea wewe, sauti nzito ya mtu mzima mwenye mafua. Nikakuuliza mbona mara ya kwanza uliitikia vile. Ukaniambia hakuna mara ya kwanza. Ukaniambia ulikuwa unaanika nguo, ndiyo kwanza umeingia ndani, na simu ilikuwa haijalia.

Mama, mimi nimeamua kuamini kwamba sauti ile ilikuwa yako na kwamba uchovu umekufikisha mahali unaitikia bila kujua. Mtu anayemwangalia mgonjwa usiku na mchana peke yake, halali, hali, akili yake nayo huanza kuachia kamba. Naomba na wewe uamini hivyohivyo. Lakini ona ulipofika. Uliniandikia kwamba udada unaishia mlangoni mwa tela. Simu yenu iko sebuleni.

Ndiyo maana sikukuacha ukate. Unakumbuka nilivyokuwa mkali. Nilikwambia umwite yule mshonaji kwa sauti yako mwenyewe, aje na bisibisi, na mimi nikabaki kwenye laini nikisikiliza parafujo zinavyodondoka kwenye sahani moja baada ya nyingine, na sikupumua mpaka aliponiambia, "Komeo ninalo mkononi, dada yangu." Hukupenda. Ulisema Fundi atahuzunika. Afadhali ahuzunike. Siku ile ya Jumapili, angesahau kurudi uani na mshonaji angekuwa sokoni, leo ningekuwa nasoma barua ya binti yako, si yako. Mlango wowote ambao binadamu anaingia kulala hufunguliwa kwa ndani. Hilo halina mjadala, wala mapenzi hayaingii hapo.

Sasa maswali yako.

Mume wako anaumwa. Hajarogwa, hakuchukii, wala hujawa mke mbaya. Kusahau kwa namna hiyo ni maradhi ya ubongo, na yana madaktari wake. Unasema ulijiambia akijenga ni mzima. Ulijidanganya, na ninaelewa kwa nini, lakini miezi yote hiyo ulimwagia maji plaiwudi wakati ulipaswa kumpeleka hospitali. Mpeleke wiki hii. Mweleze daktari yote, na la yule mama pia, usimung'unye maneno kwa sababu ya aibu. Funguo za gari zitoke kwenye ule msumari wa mlangoni ulioniambia, zikae kwa jirani. Mtu asiyejua mlango wa choo chake hawezi kujua breki.

Watoto umewanyima baba yao. Uliogopa utabaki na kuta, ukaamua bora ubaki na siri. Siku ile ulinipa namba ya binti yako, nikampigia. Nilitegemea lawama. Alilia, akaniuliza jambo moja tu, "Mama anakula?" Kisha akasema hana mpango wa kumhamisha mtu, atakuja yeye. Huyo ndiye uliyekuwa unamwogopa.

Kuhusu kumwitikia, sikukemei kama unavyotarajia. Usimwambie Fundi kwamba dada yake alikufa. Kila utakapomwambia atafiwa upya, na kesho atakuwa amesahau, utamfisha dada yake tena. Akimtaja, muulize habari zake. Alikuwa anapenda kucheza nini, alikuwa anaimba nini. Mwache asimulie, wewe usikilize ukiwa mkewe. Kusikiliza habari za marehemu ni jambo moja. Kumwazima marehemu koo lako ni jambo jingine, na hilo uliache leo. Ulikuwa unaona wivu, nimeliona katika kila mstari. Alikupa wewe miaka yake yote na yule binti akampa kile kicheko. Sawa, inauma. Lakini kicheko hicho alikitoa akiwa amelala kando yako wewe, mkono wako ndio ulioshika ubao.

Gauni la uchumba litoke mle lirudi kabatini. Vaa khanga zako bila haya, ni zako.

Tela usilichome. Jirani yako ni mwema lakini ana papara. Mtu aliyelijenga atasimama pale kila asubuhi akitafuta kazi ya mikono yake, na utamjibu nini? Lakini lisibaki sanduku. Kijana wenu, ambaye binti yako ameshampasha habari, akija mwezi ujao akate madirisha pande zote mbili, hata lile lililofutwa, makubwa, na matundu ya hewa juu, na mlango ubadilishwe uwe na kitasa cha kufungulia ndani. Fundi mwenyewe ashike futi na kuelekeza. Daktari akikubali, kijana aendeshe, mwende mahali pa karibu, mchana, mle mkate na chai kwenye lile jiko la nyuma, mrudi kabla ya jua kuzama. Nenda, mama. Ulitamani safari hiyo kabla hajaugua, na hakuna anayekunyima. Nenda kama Mwenzake. Njiani akikwambia mkewe amesafiri, usibishane. Mshike mkono, uuweke shavuni mwako, ungoje. Siku nyingine mkono utakumbuka kabla yake. Siku nyingine hautakumbuka, na siku hizo mwambie wewe ni nani, mara moja, kwa upole, kisha mmiminie chai.

Binti yako anafika Ijumaa. Mpaka afike mshonaji atakuja kulala hapo, tumekubaliana naye, na wewe utalala usingizi wako wote. Mle ndani usiingie, hata kufagia. Na asubuhi ukiwa unapita uani na ndoo yako, Fundi amelala, jirani amelala, ukasikia unaitwa dada, usigeuke, na usiitikie.